Mume wangu anasema Oktoba haipo kwenye kalenda

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kariobangi South, Nairobi. Mume wangu ni fundi wa nguo, ana miaka 53, na cherehani yake ndiyo imetulea sote. Tangu nimjue amevaa miwani mizito, ile ambayo ukijaribu kuivaa wewe unashikwa na kizunguzungu. Akiivua hamtambui hata mwanawe akiwa pale mlangoni.

Jumapili tukitoka kanisani nikamwona anapepea mkono usoni. Nikamuuliza kuna nini, akasema kuna nzi. Nzi hakuwepo. Tulipofika nyumbani nzi wakawa wengi, na nyuzi nyeusi, na kitu anachosema kinafanana na masizi yanayoelea. Usiku taa ikiwa imezimwa akaniuliza ni nani anapiga picha dirishani, maana ameona mwanga wa kamera pembeni, upande wa jicho la kulia. Sisi tunaishi ghorofa ya nne.

Jumatatu alienda kemisti. Akapewa matone ya shilingi 150 na kuambiwa ni vumbi la vitambaa. Jumatano nikamburuta hadi hospitali moja ya karibu. Tulikaa foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, na alipoulizwa shida ni gani, mzee wangu akajibu, "Macho yananisumbua kidogo." Wakammulika tochi, wakamsomesha herufi za ukutani, akazisoma hadi mstari wa chini. Wakasema jicho halina wekundu, halina uchafu, pengine ni umri tu, na wakamwandikia aje kuonana na daktari wa macho baada ya wiki tatu. Akatoka anatabasamu, kwa sababu hii ni Januari na ana oda ya sare za shule mbili.

Leo Alhamisi ameamka akisema kuna kivuli. Nikamwambia aweke miwani, afunike jicho la kushoto kwa kiganja, aangalie katikati ya kalenda iliyo ukutani, ile yenye miezi mitatu mitatu kila mstari. Akasema, "Oktoba haipo." Nilidhani anafanya mzaha. Jioni hii nimemjaribu tena, na sasa Julai nayo imeanza kufifia.

Hataki kwenda popote. Anasema haumwi, na kisichouma hakimpeleki mtu hospitali usiku. Mama mkwe amepiga simu kutoka Kinangop, anasema nimtafute jirani anayenyonyesha nimtie maziwa jichoni, au apande gari Jumamosi akapumzike nyumbani. Mimi nahisi vingine lakini sina elimu ya udaktari. Nisubiri hizo wiki tatu? Tena kuna la pesa. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana kwa zamu, nina shilingi 38,000 za wenzangu hapa nyumbani. Zamu yangu ni Machi. Nikizitumia nitakuwa nimekosa sana?

Mke wa Fundi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua zinazoniingia hukaa wiki mbili hivi kabla sijazijibu. Yako niliisoma Alhamisi hiyo hiyo kabla ya saa moja jioni, nikaiweka simu chini, nikaichukua tena, nikakupigia. Unakumbuka sikukusalimu vizuri. Yale niliyokwambia kwa haraka nayaandika hapa kwa utulivu, kwa sababu najua katika jiji hili kuna nyumba nyingine ambayo mwezi fulani umepotea kwenye kalenda na wenyewe wanangoja tarehe waliyoandikiwa.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki za macho miaka 26 kabla ya kustaafu. Maneno yako matatu, nzi, mwanga wa kamera, kisha kivuli, nimeyasikia kwa mpangilio huo huo kutoka kwa walimu, makanga, mapadri na mama mboga. Ndani ya jicho mna ute mzito kama yai bichi. Mtu akivuka miaka 50 hivi, ute huo hunywea na kujibandua kutoka kwenye retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha. Mara nyingi unajibandua salama, nzi wanabaki, mtu anawazoea. Lakini kuna mahali ute umeshikana sana na retina, na unapovuta, ndipo mtu anapoona vimulimuli gizani ingawa hakuna taa. Ukivuta kwa nguvu, retina inachanika. Yale masizi aliyoyaona mumeo huenda yalikuwa damu kutoka kwenye mchaniko. Maji hupenya kwenye tundu, yakajipenyeza nyuma ya retina, yakaibandua kama karatasi ya ukutani iliyopata unyevu. Sehemu iliyobanduka haioni. Hicho ndicho kivuli.

Na kwa nini yeye? Kwa sababu ya miwani ile. Jicho linalohitaji miwani mizito ya kuonea mbali kwa kawaida ni refu kuliko mengine, kwa hiyo retina yake imevutwa, kama kitambaa kilichopunguka ambacho fundi amekilazimisha kifike kwenye mshono. Yeye mwenyewe anajua kitambaa cha namna hiyo hufumuka wapi.

Sasa hapa ndipo niliporuka kitini. Uliniandikia kwamba alisoma herufi hadi mstari wa chini, na hospitali ikaona hiyo ni dalili ya jicho zima. Mimi nimeisoma kinyume. Herufi husomwa na kitovu cha retina, sehemu ndogo ya katikati. Akisoma vizuri maana yake kitovu bado kimeshikilia, na retina ikirudishwa mahali pake kabla kitovu hakijabanduka, uwezekano wa kuendelea kusoma na kushona ni mkubwa. Kikishabanduka, hata mpasuaji hodari akiirudisha retina yote, kuona kwa katikati mara nyingi hakurudi kama kulivyokuwa, kwa sababu retina hupata hewa na chakula kutoka tabaka lililo nyuma yake, na ikitenganishwa nalo huanza kufa njaa. Aliyepoteza kuona kwa katikati tayari bado anahitaji kuonwa haraka. Lakini anayesoma vizuri huku kivuli kinatambaa, huyo ndiye wa kukimbizwa, maana ana kitu cha kuokolewa na saa zinahesabika.

Tena Oktoba iko mstari wa chini kabisa, kushoto, kwa hiyo kivuli cha jicho lake la kulia kilianzia chini, upande wa pua. Picha ndani ya jicho huwa imepinduka, hivyo kivuli cha chini maana yake retina imeachia juu. Ikiachia juu, maji hushuka kwa uzito wake kuelekea kitovuni, wala hayakawii. Asubuhi Oktoba, jioni Julai. Wewe bila elimu ya udaktari ulikuwa umeshapima mwendo wa ugonjwa kwa kalenda ya ukutani, na ningependa madaktari wengi vijana wawe na subira ya kufanya hivyo.

Kuhusu kutoumwa: retina haina mishipa ya maumivu. Inaweza kubanduka yote mtu akiwa anakula ugali na kucheka. Mwambie mzee kwamba jino linauma, mguu unauma, lakini hii haitamuuma hata siku moja, kwa hiyo asiingoje imuume.

Sitaki kuilaumu sana hospitali ya Jumatano, ingawa kidogo nitailaumu. Tochi haioni retina. Retina huonekana daktari akitia matone ya kupanua mboni, mkangoja kama nusu saa mboni ifunguke, ndipo amulike ndani kwa kifaa chake na kuzungusha macho kila upande hadi kwenye kingo. Mgonjwa hutoka akiona ukungu kwa saa kadhaa na hafai kuendesha gari. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeona nzi wa ghafla na vimulimuli, akiambiwa jicho ni safi, aulize kwa heshima: "Daktari, nitapanuliwa mboni leo?" Akijibiwa hapana, bado retina yake haijaangaliwa, na aombe barua ya rufaa aende nayo siku hiyo hiyo. Si lazima awe amefikia kivuli. Kadiri ya mtu mmoja katika kumi wenye nzi na vimulimuli vya ghafla hukutwa na mchaniko, na mchaniko ambao haujaingiza maji huzibwa kwa leza, ameketi kwenye kiti, akarudi kwake jioni. Bei ya leza haiwezi kulinganishwa na ya upasuaji.

Lakini na ninyi kuna mahali mlipojikwaa. "Macho yananisumbua kidogo." Lo! Hilo neno kidogo limepofusha wanaume wengi wa Nairobi. Mwanamume anakuja na jicho lililoingia kipande cha chuma kutoka kwenye mashine ya kusagia, anasema kidogo. Yule anayepanga wagonjwa pale mapokezi ana watu 80 mbele yake na hana kingine cha kumwongoza ila maneno yako. Ndiyo maana siku ile nilikulazimisha uandike kwenye karatasi na unisomee mara mbili: Ana miaka 53, ana miwani mizito ya kuonea mbali. Jumapili aliona nzi na vimulimuli ghafla, jicho la kulia. Leo asubuhi pana kivuli, kimetoka chini na kinapanda. Katikati bado anaona. Tunaogopa retina imebanduka. Maneno hayo yakifika kwa muuguzi wa macho, hamtakaa tena hadi saa saba. Na nilikwambia useme wewe, si yeye.

Wapi? Nilikupa majina matatu, na si kwa sababu hakuna mengine. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo idara yake ya dharura haifungwi usiku na ambayo ina kitengo cha macho. Lions SightFirst kule Loresho, ambayo kazi yake ni macho tu. Na PCEA Kikuyu, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji, ambako watu hutoka mbali wakifuata kitengo cha macho. Zipo pia za binafsi kwa mwenye bima nzuri. Kabla hujatoka nyumbani piga simu, na usiulize kama wana daktari wa macho, kwa kuwa watasema ndiyo. Uliza kama leo au kesho asubuhi yupo daktari wa retina. Daktari wa macho anayeondoa mtoto wa jicho kila siku si lazima awe ndiye anayerudisha retina, na ukifika kwa asiye wake utapoteza siku ukitafuta rufaa nyingine. Uliza vilevile kama mgonjwa aje bila kula, maana huenda wakataka kumfanyia upasuaji.

Wakati wa kungoja, atulie. Asiiname kwenye cherehani, asipande bodaboda kupitia mashimo ya barabara yenu, asisugue jicho. Matone ya kemisti yawekwe kando, hayamsaidii chochote hapa. Maziwa pia, na hapa namheshimu mama mkwe wako, kwa sababu kila mwaka nilikuwa nikipokea jicho lililotiwa maziwa, mkojo, asali au maji ya majani fulani, na tulianza kwa kutibu uchafu ndipo tufikie ugonjwa wenyewe. Retina iko nyuma kabisa. Kinachotiwa mbele hakifiki huko.

La pesa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo msiache kwenda kuonwa na kutathminiwa kwa kuogopa kudaiwa amana. Upasuaji ni jambo jingine na dawati la fedha utalikuta palepale. SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa watu wa jua kali kama ninyi mchango ni wa mwaka mzima. Hakikisha umelipwa na kwamba jina lake linasoma kwenye mfumo, kisha uombe hospitali itume maombi ya idhini mapema, wakati bado anapanuliwa mboni. Mara nyingi mgonjwa huwa tayari na idhini ndiyo inayongojwa.

Shilingi 38,000 usiziguse. Najua ni mume wako, najua ni jicho. Lakini mweka hazina aliyechukua bila kusema hata kwa sababu njema hubaki mweka hazina aliyechukua. Nilikwambia umpigie mwenyekiti usiku huo, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na uombe kubadilishana zamu na mwenye Januari. Chama kimeanzishwa kwa ajili ya usiku kama huo. Ukaniambia unaogopa kuwaamsha. Nikakuambia waamshe.

Na je, ni kumvunjia heshima mume kumlazimisha? Swali hilo hukuliuliza kwa maneno lakini lilikuwa ndani ya barua yako yote. Mwanamume anayetegemea macho yake kulisha watoto, akisikia jicho linakwenda, hukimbilia kazini ili asilifikirie. Ule si ukaidi. Ni woga. Usibishane naye juu ya hospitali. Mpigie ndugu yake mkubwa, aje na gari, aseme "twende" bila mjadala. Wanaume hutiana nguvu hivyo, na anaweza kwenda bila kuonekana ameshindwa na mkewe.

Kwa wengine mnaosoma, msidhani kila jicho la ghafla ni hili. Saruji, chokaa, asidi ya betri au sabuni kali ikiruka jichoni, usitafute hospitali kwanza. Tafuta maji. Fungua kope kwa vidole na umimine maji safi kwa nusu saa mfululizo, kisha ndipo uende. Kitu kikichoma jicho, usikichomoe wala kuliosha; lifunike kwa kikombe kisichogandamiza. Jicho jekundu linalouma sana, pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, ni la siku hiyo hiyo. Na kuona kukizimika ghafla kwa jicho moja bila maumivu, kama taa iliyokatwa, hicho ni kiharusi cha jicho hadi ithibitishwe vingine, na mgonjwa akimbizwe kwenye hospitali kubwa inayotibu kiharusi, hata kama baada ya dakika kumi anaona tena.

Ninapoandika haya ni Jumatatu na ninazo jumbe zako nne. Wa kwanza wa Ijumaa alfajiri, mkiwa langoni. Wa pili saa tatu: wamempanua mboni, retina imeachia juu, katikati bado imeshika. Wa tatu, wa Jumamosi, ulikuwa neno moja. Wa nne unauliza mambo ambayo daktari aliyasema haraka.

Katika upasuaji amewekewa gesi ndani ya jicho kuisukuma retina mahali pake wakati kovu linashika. Kwa sasa ataona kama aliye chini ya maji. Baada ya siku kadhaa ataanza kuona vizuri sehemu ya juu, na chini yake mstari unaotikisika kama pima maji ya fundi mwashi, ukishuka kidogo kila siku. Hiyo ni gesi inayopungua, si kivuli kurudi. Kivuli kikirudi, rudini nanyi. Gesi hukaa kati ya wiki mbili na nane kutegemea aina yake. Namna ya kuweka kichwa aliyoelekezwa aifuate hata usiku, hata ikimkera. Mtu yeyote anayetaka kumpa usingizi wa upasuaji kabla gesi haijaisha, hata wa kung'oa jino, aambiwe kuhusu gesi hiyo. Na jicho la kushoto liangaliwe kingo zote, maana nalo ni refu vilevile. Yule binti yenu wa kidato cha pili mwenye miwani kama ya baba yake, mfundisheni tangu sasa habari ya nzi na vimulimuli.

Sare wapeni mafundi wenzake, wamlipe kidogo cha oda.

Safari ya Kinangop haiwezekani. Ndege ni marufuku kwa mtu mwenye gesi jichoni, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mlima nao ni vivyo hivyo. Hapa Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na Kinangop ni zaidi ya 2,400. Hewa ikiwa nyepesi gesi hutanuka, presha ya jicho ikapanda, na hapo maumivu aliyokuwa akiyangoja mzee yatakuja kweli. Asipande huko hadi daktari aseme gesi imeisha. Kama mama mkwe ana hamu ya kumwona mwanawe, ateremke yeye. Na maziwa alete, ya chai.